Mchele Namba 31

Jumanne, 6 Mei

Sampuli kumi na moja maabara leo. Mahindi tisa, mchele mbili. Mvua tangu alfajiri, mapokezi pamejaa nyayo za matope. Nimesaga, nimepima, nimechanganya na dawa, nimechuja. Masikio bado yananguruma kinu.

Umeme ulikatika saa tano, nikiwa kwenye mchele. Nilikuwa nimeshasaga sampuli zote mbili. Mabakuli mawili mezani, lebo mkononi. Chumba cha kusagia hakina dirisha. Nikatoka kutafuta mtu wa kuwasha jenereta, nikaambiwa haina mafuta. Nusu saa tumekaa kibarazani tunaangalia mvua. Umeme uliporudi nikabandika lebo, nikaendelea.

Mchele mmoja safi. Mwingine una sumukuvu mara sita ya kiwango kinachoruhusiwa. Namba 31, wa Buguruni, safi. Namba 32, wa Mtoni, mbaya.

Miguu inauma. Nimerudi nyumbani nikapika ndizi.

Jumatano, 7 Mei

Vyeti vimesainiwa. Saini yangu juu, ya meneja wetu, Bwana Kihwele, chini. Cha Buguruni kimechukuliwa na dereva.

Cha Mtoni alikuja mwenyewe. Mama Zuwena. Mama mtu mzima wa Lindi, anauza mchele Mtoni miaka mingi. Hakuna aliyemlazimisha kupima. Wafanyabiashara wadogo hawaletagi, wanaona ni kujitafutia ugomvi. Yeye alileta.

Alisoma amesimama. Kisha akaomba kukaa.

"Mwanangu, hii sumu inafanyaje mwilini?"

Nikamwambia. Inatokana na ukungu, haina harufu wala ladha, kupika hakuiondoi. Inashambulia ini, taratibu, kwa miaka.

"Miaka mingapi?"

Nikasema inategemea. Akakikunja cheti mara nne, akasema ahsante, akaondoka bila mwavuli. Nilidhani anawaza hasara.

Nilijisikia vizuri. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Nilijiambia, hii ndiyo maana ya kazi hii.

Jumamosi, 10 Mei

Sikuandika siku mbili. Hakuna jipya. Nguo hazikauki. Mume wangu, Ambakisye, anasahihisha mitihani ya wanafunzi wake, meza yote kaichukua yeye.

Jumatatu, 12 Mei

Sijui nianzie wapi.

Leo zamu yangu kupanga rafu ya akiba. Kila sampuli tunaigawa mara mbili kabla ya kusaga. Nusu inapimwa, nusu inafungwa punje nzima kwenye mfuko mweupe unaoonyesha ndani, na namba yake, inakaa miezi mitatu. Nilikuwa nasogeza mifuko ya wiki iliyopita. Nikashika 31.

Punje za njano. Nyingine zina madoa ya kijivu, zimeshikana kama zilinyeshewa zikakauka vibaya. Nikashika 32. Mweupe, mkavu, unateleza mfukoni.

31 ndiyo niliyoiandikia safi.

Nimesimama pale sijui muda gani. Nimekumbuka yale mabakuli mawili. Sikumbuki nilijuaje lipi ni lipi. Najaribu kuuona mkono wangu ukibandika lebo na siuoni.

Jumanne, 13 Mei

Sijala tangu jana.

Najiambia: jicho halioni sumu. Nimewafundisha wanafunzi wa mazoezi maneno hayo hayo. Mchele mweupe unaweza kuwa mbaya, wa njano ukawa mzima. Macho si kipimo. Basi huenda nipo sahihi.

Lakini sijaamini. Kama ningeamini ningekula.

Bwana Kihwele kashinda maabara leo, siwezi kupima tena mbele yake bila kueleza. Kesho ana kikao mjini.

Ambakisye kaniuliza nina nini. Nimesema malaria inanyemelea.

Jumatano, 14 Mei

Nimepima. Peke yangu, mlango nimeurudishia. Nimebandika lebo kabla ya kusaga. Nimesafisha kinu mara mbili katikati. Nikamwaga dawa, nikaanza upya.

32, wa Mama Zuwena, ni safi.

31 ni mbaya. Mara sita.

Nimepima tena. Vilevile.

Niligeuza mabakuli. Mie. Miaka tisa kwenye kazi hii, na nimewageuza watu wawili kama anayegeuza chapati. Nimeipa sumu cheti, na mchele mzima nimeuita sumu.

Naogopa. Sijawahi kuogopa hivi tangu mama alipokuwa mahututi.

Alhamisi, 15 Mei

Nimefungua jalada la 31. Nilikuwa naogopa kulifungua, kwa sababu kabla ya kulifungua mchele ule haujaenda popote.

Mteja ni Bwana Mkude, muuzaji wa jumla, Buguruni. Kwenye fomu kuna mstari wa matumizi. Kaandika: kituo cha kulelea watoto, Kibamba. Kituo ndicho kilichodai cheti kabla ya kupokea mzigo.

Nakijua kituo hicho. Kipo mtaa wa pili kutoka kwetu. Geti la kijani. Watoto sitini na moja, nilisikia kanisani walipokuwa wanachangiwa magodoro.

Tangu Jumatano ya wiki iliyopita. Siku nane.

Jioni nimepita pale kwa miguu. Sina sababu ya kupita, si njia yangu. Watoto walikuwa wanacheza rede uani. Harufu ya wali ilitoka mpaka barabarani. Nikasimama kama mtu aliyesahau anakokwenda. Mlinzi akanisalimia. Nikamwitikia, nikaondoka.

Sikusema kitu. Naandika tena: sikusema kitu. Mie ni mwoga.

Ijumaa, 16 Mei

Nimemwambia Bwana Kihwele. Nimempelekea majibu yote mawili na mifuko yote miwili ya akiba, nikaviweka mezani kwake, nikaeleza kuanzia umeme.

Hakupiga kelele. Aliangalia ile mifuko.

"Umekaa na hili siku ngapi, Tumpe?"

"Tangu Jumatatu nashuku. Juzi ndiyo nimepima."

"Basi kaa nalo mpaka Jumatatu nyingine."

Nikamwambia watoto wanakula. Akasema anajua. Akasema tukitoa tangazo leo bila kujipanga, kila cheti kilichowahi kutoka hapa kitatiliwa shaka, maabara itafungwa, na wafanyakazi kumi na wanne watakwenda nyumbani. Akasema siku mbili haziui mtu, na mie kama mtaalamu najua haziui.

Kweli, najua. Sumukuvu ya kiasi kile haimwangushi mtoto leo. Inaingia kidogo kidogo na kukaa. Ndiyo inayonitisha. Ingekuwa ya kuangusha, mtu angeshapiga kelele zamani.

Nilitaka kumchukia Bwana Kihwele. Sikuweza. Kalamu ilimdondoka mara mbili.

Jumamosi, 17 Mei

Asubuhi nimemwambia Ambakisye. Yote. Nilikuwa nimekaa kitandani, sijavaa. Nilisubiri aniambie tufikirie kazi, kodi ya nyumba, mdogo wake tunayemsomesha. Aliuliza kitu kimoja, watoto wangapi. Nikasema sitini na moja. Akainuka, akaleta viatu vyangu, akaviweka mbele ya miguu yangu.

Tukaenda wote. Yeye akabaki getini, nilimwomba.

Anayeongoza kituo ni Mwalimu Hosiana, mstaafu, mtu wa Moshi. Nilimwamkia, nikajitambulisha, nikasema nimekuja kwa habari ya mchele. Akafurahi. Akanichukua mpaka stoo, akidhani nimekuja kukagua. Magunia yamepangwa juu ya mbao, hayagusi sakafu wala ukuta, sawasawa tunavyofundisha. Matano yamejaa, la sita limefunguliwa. Na ukutani, ndani ya mfuko wa nailoni, kuna cheti. Kimebandikwa vizuri, kimenyooka. Saini yangu juu.

"Nilimwambia muuzaji, bila hicho sipokei," alisema. "Hawa watoto wameshapata ya kutosha."

Nikasema, "Mwalimu, cheti hicho si cha kweli. Mchele huu una sumu. Mie ndiye niliyekosea."

Alitoka, nikamfuata. Jikoni sufuria kubwa lilikuwa tayari, mkaa juu ya mfuniko. Wadogo walishajipanga na sahani. Akafunua, akatazama ule wali mweupe unaofuka mvuke, akafunika. Akamwambia mpishi aung'oe jikoni, apike ugali. Mpishi akauliza kwa nini. Mwalimu akasema, "Fanya hivyo kwanza."

Kisha akaniuliza maswali. Wamekula siku ngapi. Nini kitawapata. Nani zaidi. Nikajibu kila swali. Siku kumi. Kwa siku kumi pengine hawatapata kitu, lakini siwezi kuapa. Zaidi ni wadogo na wenye afya dhaifu. Akaniambia wadogo wanapewa pia uji wa unga wa mchele huohuo, kila asubuhi. Hilo sikulijua. Nikashika ukuta.

Hakunitukana. Alisema, "Wapo wawili waliopona manjano ya ini mwezi wa pili," akaenda kuwatafuta uani, akasimama anawatazama.

Watoto walinung'unika kuhusu ugali. Msichana mmoja, labda miaka sita, kaniuliza kama mie ndiye niliyekataza wali. Nikasema ndiyo. Akaniangalia kwa chuki safi kabisa. Nimeistahili, ingawa kwa kosa jingine.

Jumapili, 18 Mei

Sikwenda kanisani.

Saa nne simu. Bwana Mkude wa Buguruni. Mwalimu Hosiana alimpigia jana. Sauti nzito, haikupanda.

"Sista, mie nina cheti chenye saini yako. Leo naambiwa nimelisha watoto sumu. Kibamba napajua. Nitakuja."

Akakata.

Tumefunga geti. Ambakisye kajifanya anatengeneza bawaba ya mlango, yuko pale mbele tangu saa sita, nyundo mkononi. Kila pikipiki inayopunguza mwendo nje, nachungulia dirishani. Nimewaza polisi. Nimewaza pingu mbele ya majirani. Nimewaza mama kule Kyela akipigiwa simu na mtu nisiyemjua.

Bwana Kihwele pia kapiga. Mwalimu kampata kwa simu. Aliongea maneno machache, kwamba kesho nifike saa mbili kamili.

Jumatatu, 19 Mei

Nilifika saa moja na nusu. Alikuwa ameshafika. Mezani barua tatu, kaziandika mwenyewe jana nyumbani. Mbili za kufuta vyeti, cha 31 na cha 32. Ya tatu ni taarifa kwa wakaguzi wa serikali, yenye maelezo ya kila kitu. Ya umeme, ya lebo, na kwamba mie nilimweleza Ijumaa na yeye akaomba kusubiri. Hilo kaliandika pia.

"Niliomba siku mbili nipate ujasiri," alisema. "Wewe hukunipa."

Sikujua kama ni lawama au shukrani. Nadhani hata yeye hajui.

Nimesimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe. Nimerudisha koti na funguo. Niliomba jambo moja, kwamba barua ya Mama Zuwena niipeleke mwenyewe. Alifikiri, akanipa.

Jumanne, 20 Mei

Mtoni.

Duka lake lipo nyuma ya msikiti, nyumba na duka pamoja. Mlango wa duka ulikuwa umefungwa. Jirani akaniambia, mama hajafungua tangu wiki juzi, pita uani.

Nikapiga hodi. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, turubai limetandazwa, mchele juu yake, anachambua. Magunia tisa, kayamwaga moja moja. Alikuwa anatafuta punje mbovu. Kavaa miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Sijaiona hiyo sumu. Nimetafuta siku kumi na tatu siioni."

Nilipiga magoti. Sikupanga, yalienda yenyewe. Nikamwambia mchele wake ni mzima, ulikuwa mzima tangu mwanzo, nilibandika lebo vibaya. Nikampa barua. Akaisoma. Akairudia. Mkono wake ukabaki juu ya mchele.

Akaniuliza kwa upole mno, "Una hakika safari hii?"

"Nimepima mara mbili, mama. Lebo kwanza."

Kuku wa jirani akaja kula pembeni mwa turubai, hakumfukuza. Kisha akasema.

"Mume wangu alikufa kwa ini. Mwaka wa tatu huu. Alivimba tumbo, akawa wa manjano, akaisha. Madaktari walisema saratani, hawakusema imetoka wapi. Alikuwa anakula wali wangu kila siku ya Mungu. Mchana na jioni. Ndiyo maana niliposikia redioni habari za sumu hii nikaleta nipime. Nilitaka kujua tu. Wewe ukanipa ile karatasi."

Hakunitazama.

"Nikajua ni mie niliyemuua. Siku kumi na tatu nimelala na hilo. Nimemwambia binti yangu asile kwangu, asilete wajukuu."

Nilisema samahani, neno likaonekana dogo kama punje moja. Ningetaka kumwambia mchele wake haukumuua mumewe. Lakini sijui. Nimepima mchele wa mwaka huu, sikupima wa miaka ile. Nimetamani sana kudanganya. Nikamwambia ukweli, kwamba naweza kuapia huu uliopo mbele yetu tu.

Akaitikia kwa kichwa, polepole.

"Huo unatosha. Mengine nitamwachia Mola." Baadaye kidogo akasema, "Siwezi kukusamehe leo, mwanangu. Usije ukaona nimekaa kimya ukadhani nimesamehe."

Nikasema sawa, mama.

"Lakini umekuja. Wangetuma barua."

Nimemsaidia kurudisha mchele kwenye magunia. Tulifanya mpaka adhana ya alasiri. Aliponisindikiza mlangoni alikuwa ameshika simu, anampigia binti yake. Nilipokuwa mbali nilimsikia akilia. Naye binti akilia kwenye simu, mama kaiweka spika.

Alhamisi, 22 Mei

Kaja Bwana Mkude.

Saa tano asubuhi, gari ndogo, peke yake. Ambakisye yuko shuleni. Nilimwona kupitia dirisha nikafikiri nitapita mlango wa nyuma, nikakumbuka sina mlango wa nyuma. Nikafungua.

Mtu mfupi, jasho linamtoka. Hakuingia. Alisimama kizingitini akasema magunia ya kituo kashayatoa, wakaguzi wameyachukua. Akasema mzigo ulinyeshewa njiani, turubai lilichanika, akauanika siku mbili akaona unatosha. Alisema yote hayo haraka haraka kama mtu anayetua mzigo. Kisha:

"Na sisi tumekula. Niliacha magunia mawili nyumbani. Mke wangu ana mimba ya miezi saba. Nilitaka kukuuliza wewe, maana sijui pa kuuliza."

Kumbe Jumapili alikuwa anakuja kwa hilo.

Nimemkaribisha ndani. Nimemweleza kama ningemweleza kaka yangu. Asiule tena, asimpe hata kuku. Ampeleke mke wake kliniki akaseme. Alikuwa anaandika kwenye simu kila ninachosema, kidole kimoja, anakosea, anafuta. Mtu niliyemfungia geti.

Jumamosi, 24 Mei

Daktari amekuja kituoni, ametumwa na wilaya. Nilikwenda, nikakaa kwenye benchi la nje. Amewachukua damu wote sitini na moja. Vilio mpaka kwa jirani.

Mwalimu Hosiana alinipita mara tatu. Mara ya nne akanipa kalamu na daftari niandike majina, mikono yake imejaa. Nimeandika majina sitini na moja. Mwandiko wangu, nimeuhakiki kila mstari, halafu nimeuhakiki tena.

Ijumaa, 30 Mei

Majibu ya damu yametoka. Maini yao yanafanya kazi. Wale wawili waliougua manjano wako chini kidogo, watafuatiliwa kila mwezi. Wengine watapimwa tena baada ya miezi sita. Daktari kasema siku kumi ni bahati. Ingekuwa muhula mzima, asingesema hivyo.

Nimelia jikoni. Kisha nimetapika. Sijui mwili ulikuwa unangoja nini.

Kamati ya uchunguzi imeamua pia. Maabara imepewa onyo, haitoi vyeti kwa mwezi mmoja. Bwana Kihwele anabaki, chini ya uangalizi. Mie nitarudi Julai, ila sitasaini kitu mpaka mwaka uishe, na mtu wa pili atasimama pembeni yangu kila ninapobandika lebo. Nimesoma barua hiyo nikaona ni haki.

Jumatatu, 2 Juni

Mvua imekatika. Jua la kwanza la wiki nzima. Nimefua mashuka, nimeanika mpaka kwenye uzio.

Hofu haijaondoka. Imekaa pembeni, kama mgeni asiyesema anaondoka lini. Nikiosha vyombo inanitazama. Nimeizoea kidogo.

Mchana mama kapiga kutoka Kyela. Kavuna mpunga. Anauliza atume kilo ngapi. Nikamuuliza ameuanikaje. Akashangaa, akanieleza: juu ya mkeka, siku nne za jua, anaugeuza kwa miguu, jioni anaufunika. Nikamwacha aeleze mpaka mwisho. Sikuwa na haraka. Nilikaa kwenye ngazi ya mlangoni, simu sikioni, mashuka yanapepea, namsikiliza mama yangu akizungumzia jua.